Tuchague ua la pamba

Mjadala wa nembo ya jumuiya yetu umepamba moto. Wanachama walioko kusini mwa Marekani wanataka magnolia, ua jeupe, pana kama sahani, linalonukia barazani kwao kila kiangazi. Hoja yao ina uzito. Magnolia ni ua rasmi la Mississippi na la Louisiana pia, na tangu Januari 2021 limo katikati ya bendera mpya ya Mississippi.

Ila tukumbuke lilivyopatikana. Novemba 1900 wanafunzi wa Mississippi walipiga kura. Magnolia likapata kura 12,745, na la pili, kwa kura 4,171, likawa ua la pamba. Sheria ya kulitambua magnolia ilikuja kupitishwa mwaka 1952.

Kwetu pamba haikuwa ya pili. Itazame Nembo ya Taifa la Tanzania: miguuni pa mwanamume pana mkarafuu, miguuni pa mwanamke pana mpamba. Aliyelima pamba anajua ua lake: leo jeupe la maziwa, kesho waridi, kisha linadondoka na kuacha kitumba, na hapo vita na funza inaanza. Watoto wetu hawajui hayo. Wakienda likizo Buswelu wanakuta makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, viwanja vilivyopimwa na nyumba za bati. Wasipoiona pamba kwenye nembo yetu, wataiona wapi?

Wapo wanaosema pamba ina makovu. Ni kweli. Huku Marekani ililimwa kwa jasho la watumwa, na watoto wetu wanasoma darasa moja na vitukuu vya watu hao. Tusilifumbie macho jambo hilo. Lakini pamba ya Usukuma ina historia yake. Wakulima waliochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi walianzisha vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Shirikisho likaja kumiliki vinu vyake vya kuchambulia pamba. Wengi wetu tulisomeshwa kwa fedha za zao hilo.

Jarida hili linaunga mkono ua la pamba. Hata hivyo, uamuzi usiwe wa wazee peke yao. Tufanye kama ilivyofanyika Mississippi: watoto wapige kura. Wazazi, kabla ya mkutano mkuu kaeni nao, waonyesheni picha za maua yote mawili, na msiwafiche historia ya lolote kati yake. Likishinda magnolia, tutalishona kwenye fulana zetu bila kinyongo. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba siku ya kura kila mtoto anajua pamba ni nini na imetoka wapi.