Nani Aliyetangulia? Ugomvi wa Marubani Juu ya Orodha Moja



Hakuna haja ya kumweleza askari, wala mke wa askari, maana ya kutangulia kazini. Watu wawili huvaa sare moja na cheo kimoja, lakini yule aliyevikwa cheo hicho mapema ndiye anayetoa amri mkubwa wao asipokuwapo. Hakuna anayenung'unika, kwa maana tarehe imeandikwa na kila mtu anaijua. Lakini je, vikosi viwili vilivyokaa mbalimbali vikiunganishwa kuwa kimoja, na kila kimoja kina orodha yake, nani atatangulia? Juma hili tutalitazama swali hilo kwa mfano wa marubani wa ndege za abiria nchini Marekani, ambao waliligombania kwa muda wa miaka kumi na mmoja.

Kwanza yafaa tuielewe orodha yenyewe. Katika kampuni kubwa za ndege za nchi ile kila rubani ana namba yake, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kufuata siku aliyoajiriwa. Namba hiyo ndiyo inayoamua kama ataendesha ndege kubwa au ndogo, kama ataketi katika kiti cha kapteni au cha rubani msaidizi, atakuwa na kituo mji gani, atapumzika siku zipi za mwezi, na kama sikukuu atakula pamoja na wanawe au peke yake hotelini. Mshahara nao hufuata ndege na kiti. Kazi zikipungua, walio mkiani mwa orodha ndio wanaorudishwa nyumbani kwanza, bila mshahara, wakingoja zamu ya kuitwa tena.

Zaidi ya hayo, namba hiyo haihamishiki. Rubani mwenye miaka ishirini kazini akiiacha kampuni yake na kwenda nyingine, huanza upya mkiani pamoja na vijana. Kwa hiyo namba ile ni kama shamba ambalo mtu amelilima ujana wake wote, wala hawezi kulibeba kichwani akahama nalo. Atakayelisogeza mpaka wa shamba hilo, hata kwa hatua chache, amegusa chakula cha watoto.

Sasa tuje kwenye kisa. Mwezi wa Septemba 2005 kampuni mbili ziliungana. Moja ilikuwa US Airways, kampuni kongwe ya upande wa mashariki, yenye vituo vikubwa katika miji ya Charlotte na Philadelphia. Kampuni hii ilikuwa imeelemewa na madeni hata ikakimbilia mahakamani mara mbili, mwaka 2002 na mwaka 2004, kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Ya pili ilikuwa America West ya upande wa magharibi, yenye kituo kikuu Phoenix katika jimbo la Arizona, ambayo ilianza kuruka mwaka 1983 tu. Jina lililobaki lilikuwa la ile kongwe, bali viongozi wakuu walitoka katika ile changa. Mashariki walikuwa na marubani karibu 5,100, na kati yao karibu 1,700 walikuwa wamerudishwa nyumbani. Magharibi walikuwa karibu 1,900.

Watu wa mashariki walisema: miaka ni miaka. Aliyeajiriwa mwaka 1988 amemtangulia aliyeajiriwa mwaka 1998, na hapana hesabu nyingine iliyo rahisi na safi kuliko hiyo. Wengi wao walikuwa wamekwisha kukatwa mishahara ili kampuni iokoke. Je, sasa wapoteze na namba zao?

Watu wa magharibi nao walijibu: miaka yenu ilikuwa miaka ya nyumba iliyokuwa ikiungua. Bila muungano huu pengine msingekuwa na kampuni wala orodha. Tukizifuata tarehe za kuajiriwa peke yake, mtu wenu aliyekuwa amekaa nyumbani bila kazi atampita kapteni wetu aliyekuwa kazini, na kapteni wetu atashuka ngazi ambazo hakuzikosea.

Ndugu msomaji, ukiyapima maneno hayo kwa haki, utaona kwamba hakuna upande uliosema uongo. Hapo ndipo ulipokuwa uzito wa jambo. Ugomvi wa mkweli na mwongo huisha mapema. Ugomvi wa wakweli wawili ndio unaohitaji mwamuzi.

Na mwamuzi alikuwapo. Pande zote mbili zilikuwa katika chama kimoja cha marubani, ALPA, kilichoundwa mwaka 1931. Kanuni za chama hicho zilikuwa wazi: kampuni mbili zikiungana, marubani wazungumze kwanza, wakishindwa, wasuluhishwe, wakishindwa tena, aitwe mwamuzi, na neno lake liwe la mwisho. Mazungumzo yakashindikana, usuluhishi ukashindikana, na shauri likapelekwa mbele ya mwamuzi aitwaye George Nicolau.

Mwezi wa Mei 2007 uamuzi ukatoka. Marubani wapatao 500 wa mashariki wenye namba za juu kabisa waliwekwa kileleni mwa orodha mpya, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na ndege kubwa za safari za mbali, ambazo magharibi hawakuwa nazo. Wale waliokuwa wamerudishwa nyumbani waliwekwa mkiani, chini ya rubani wa mwisho wa magharibi. Walio katikati walichanganywa kwa kulinganisha nafasi walizokuwa nazo siku ya muungano. Matokeo yake, mtu wa mashariki aliyekuwa na zaidi ya miaka kumi na sita tangu kuajiriwa alijikuta nyuma ya kijana wa magharibi aliyeajiriwa miezi michache kabla ya muungano.

Mashariki wakakasirika, na hasira yao yaeleweka. Lakini tazameni njia waliyoichukua. Kwa kuwa walikuwa wengi, waliunda chama kingine, USAPA, kilichoahidi kwamba orodha itafuata tarehe za kuajiriwa. Katika kura iliyohesabiwa mwezi wa Aprili 2008 chama kipya kilipata kura 2,723 na kile cha zamani kura 2,254. Basi walioshindwa mbele ya mwamuzi wakashinda kwa wingi wa watu, na uamuzi wa Nicolau ukawekwa kando.

Magharibi wakaenda mahakamani kwa hoja kwamba chama kimewajibika kuwatetea wanachama wake wote, si wale walio wengi tu. Mwaka 2009 baraza la raia walioapishwa katika mahakama ya Phoenix liliwapa haki. Mwaka 2010 mahakama ya rufani iliitengua hukumu hiyo, ikisema kwamba wakati wa shauri haujafika kwa kuwa mkataba mpya haujafungwa. Mwaka 2015 mahakama hiyo hiyo ya rufani, katika shauri lililofuata, iliamua kwamba USAPA ilikuwa imevunja wajibu wake kwa marubani wa magharibi.

Je, katika miaka hiyo yote nani alifaidika? Wahenga walisema, vita vya panzi furaha ya kunguru. Kwa kukosa orodha moja, marubani hawakupata mkataba mmoja mpya kwa miaka mingi. Mashariki waliendelea na mishahara iliyokatwa wakati wa madeni, na magharibi wakaendelea na mkataba wao wa zamani. Wa mashariki waliruka na wa mashariki, wa magharibi na wa magharibi, ingawa ndege zao zilipakwa rangi moja.

Tarehe 15 Januari 2009 ndege ya kampuni hiyo ilipigwa na ndege wa angani mara tu baada ya kuruka kutoka New York, injini zote mbili zikakosa nguvu, na kapteni Chesley Sullenberger akaitua juu ya mto Hudson. Watu wote 155 waliokuwamo waliokoka. Kapteni huyo, aliyewahi kuwa rubani wa jeshi la anga, alikuwa mtu wa mashariki. Jina ambalo ndege yake iliitwa redioni, Cactus, lilikuwa limerithiwa kutoka America West. Hivyo abiria waliokolewa na rubani wa upande mmoja aliyeitwa kwa jina la upande wa pili, wakati pande zenyewe zilikuwa zikishtakiana.

Sheria nayo ilikuwa imeanza kujifunza. Mwaka 2001 kampuni ya American ilikuwa imeinunua mali ya TWA, na marubani wengi wa TWA wakawekwa mkiani mwa orodha ya American. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba mwaka huo kazi zilipungua, na walio mkiani wakawa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Maseneta Claire McCaskill na Kit Bond wa jimbo la Missouri, palipokuwa na kituo kikuu cha TWA, walisimamia sheria iliyopitishwa Desemba 2007. Sheria hiyo yadai kwamba kampuni za ndege zikiungana, orodha za wafanyakazi ziunganishwe kwa haki na usawa, na wasipopatana waende kwa mwamuzi.

Kwa njia hiyo ndipo kisa chetu kilipofika mwisho. Desemba 2013 US Airways iliungana na American, na mwaka 2014 chama cha marubani wa American kikawa ndicho msemaji wa wote. Waamuzi watatu wakateuliwa, na Septemba 2016 wakatoa orodha moja ya mashariki, magharibi na American. Kijana aliyeajiriwa magharibi katika mwaka ule wa 2005 alikuwa sasa mtu mzima, na wazee waliougombania uongozi wa orodha walikuwa wengi wao wamekwisha kustaafu.

Tujifunze nini, sisi tusiokuwa marubani? Mambo ya namna hii yako karibu na milango yetu. Mjane mwenye watoto akiolewa na baba mwenye watoto, mtoto wa kwanza wa huku huenda akawa wa tatu siku moja tu. Hakukosa lolote, na wala ndugu zake wapya hawakumwibia. Wazazi wenye busara huyazungumza hayo kabla ya kuhamisha vitanda, na wala hawamwachi mtoto ayagundue mezani.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Anayekubali mwamuzi kabla ya hukumu, amekwisha kukubali kwamba huenda akashindwa. Kama kipimo hakifai, kikataliwe kabla ya kupima, si baada ya kuona upande wa mizani ulioinama. Na walio wengi wakumbuke kwamba kura imewapa uongozi, haikuwapa shamba la jirani. Marubani wa mashariki walikuwa na manung'uniko ya kweli, lakini walipolivunja neno walilolikubali waliwanyima wenzao haki, na wao wenyewe wakajinyima mkataba mpya kwa miaka.

Ahadi ni deni, ndugu zangu, na deni hili lililipwa na familia za pande zote mbili. Tuonane juma lijalo.