Watoto wa maafa nao wanahitaji mpira

Mhariri,

Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang, Desemba 3, 2023, yaliua watu zaidi ya 80 katika mji wa Katesh na vijiji jirani. Misaada ilimiminika: unga, maharage, magodoro, mablanketi. Wananchi walijitoa kweli, nawapongeza. Lakini mtoto aliyeona nyumba ya kwao ikizolewa na tope hatulii kwa kushiba tu. Mvua ikipiga bati usiku anashtuka na kumng'ang'ania mama; wengine huanza upya kukojoa kitandani. Huo si utundu, ni hofu.

Kuwafariji hakuhitaji fedha nyingi. Mpira, kamba ya kuruka, daftari na kalamu za rangi, na mtu mzima mwenye subira wa kuwakusanya jioni wacheze rede na kombolela, kisha awasimulie hadithi. Anayechora mlima ukibomoka asikatazwe, maana anasema asichoweza kutamka. Na jamani, tusiwapange mstari tuwapige picha na zawadi, tunawadhalilisha.

Naziomba kamati za maafa za wilaya ziweke vitu hivi kwenye orodha ya misaada tangu siku ya kwanza, sambamba na unga.

Msomaji wako,
Babati, Manyara