UKURASA WA VIJANA: KUSHINDANA KWA KIINGEREZA

Vijana wetu wapenzi, wengi wenu mwandikapo Kiingereza hulishika neno moja la Kiswahili, mkalitafutia mwenziwe mmoja wa Kiingereza, kisha mkalitumia hilo kila mahali. Njia hiyo hupoteza. Chukueni mfano wa neno "kushindana". Kwetu wakimbiaji hushindana, wafanya biashara hushindana, na hata kijana atamaniye kuifikia elimu ya mwalimu wake twaweza kusema ashindana naye. Waingereza wameyagawa mambo hayo, kila moja na neno lake.

La kwanza ni "compete". Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kale ni kutafuta pamoja: wawili wanakitaka kitu kimoja. Neno hili halimshiki mtu moja kwa moja. Mbele ya mshindani hutiwa "with" au "against", na mbele ya kinachotakiwa hutiwa "for". Sisi kazi hiyo ya pili twaimaliza ndani ya kitenzi chenyewe: twashindana na mtu, lakini twashindania kikombe.

"Vie" lakaribiana nalo sana, ila hupatikana zaidi vitabuni kuliko midomoni. Angalieni maandishi yake, kwani likiongezwa "ing" huwa "vying".

"Contend" lina taabu ndani yake, maana asili yake ni kukaza nguvu. Mtu aweza kupambana hivyo hata na kisicho mtu, kama mkulima apambanavyo na ukame. Lakini likifuatwa na "that", maana hugeuka ikawa kushikilia hoja.

"Rival" lina hadithi ya kupendeza. Kwa Kilatini lilikuwa jina la watu watumiao maji ya kijito kimoja. Na ni nani agombanaye upesi kuliko wachotao mahali pamoja? Likiwa kitenzi, maana yake ni kumkaribia mwingine kwa ubora hata mkalinganishwa, wala halitaki "with". Twasema "Mombasa rivals Dar es Salaam as a port", yaani kwa ubandari Mombasa yalingana na Dar es Salaam.

La mwisho ni "emulate", nalo ni kumwiga mtu bora kwa bidii ili kufikia daraja yake, hata kuipita. Mwigwa huenda asijue, na huenda amekwisha kufa zamani. Wala hapungukiwi na kitu. Waliosoma Kiarabu wataikumbuka tofauti ya hasadi na ghibta: hasidi ataka neema imwondokee mwenziwe, na mwenye ghibta ataka aipate mfano wake, na mwenziwe abaki na yake.

Sasa fikirini kijana aombaye kazi ya ualimu, amwandikie mwalimu mkuu, "I wish to compete with you." Yeye alikusudia heshima, lakini msomaji ataona kijana huyu akitaka kiti chake. Angaliandika "emulate", bila ya "with", angalisifiwa kwa adabu. Neno moja limemgeuza mwanafunzi kuwa mpinzani.

Liko na kosa jingine. "Kushinda" kwetu humfaa mtu na kombe pia, Kiingereza sivyo. Mtu hushindwa kwa "beat", na mchezo au zawadi hupatikana kwa "win". Basi "We won them" si sahihi. Semeni "We beat them" au "We won the match".

Kabla ya kuandika, jiulizeni: je, twakigombea kitu kimoja, au twapambana na taabu, au twamfuata mtu mwema? Jibu litakuonyesheni neno. Nanyi wazazi, waambieni watoto leo usiku watunge sentensi moja kwa kila neno tulilolitaja, kisha waisome mbele ya nyumba nzima.