Tusiifiche Karo Nyuma ya Majaaliwa



Ndugu msomaji, na hasa wewe mama ambaye ndiwe wa mwanzo kuyaona machozi ya mwanao. Kila mwaka vijana waliomaliza kidato cha nne wakishapangiwa vyuo na KUCCPS, nyumba zetu huwa mafungu mawili: nyumba ya vigelegele na nyumba ya mlango uliofungwa. Leo twazungumza na nyumba ya pili.

Mama mmoja wa Kisauni aliniuliza baada ya darsa ya akina mama. Mwanawe amepata alama ya B, na moyo wake wote ulikuwa katika chuo kimoja cha binafsi jijini Nairobi. Chuo kimemkubali, lakini karo yake hawaiwezi. KUCCPS imempangia Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, aende kwa matatu asubuhi na jioni arudi kwao. Kijana hali vizuri, wala hasemi na babaye. "Sheikh, nimwambie nini?" akauliza. "Nimemwambia Mwenyezi Mungu hakumwandikia, naye amezidi kununa."

Kwamba kila jambo hupita kwa kadari ya Allah ni katika nguzo za imani yetu. Lakini kijana huyu ajua kuwa barua ya Nairobi anayo mkononi, na ajua kilichomzuia ni fedha. Akiambiwa ni majaaliwa, na fedha zisitajwe, husikia mambo mawili: kwamba wazee wake wamficha, na kwamba Mola wake ndiye aliyemnyima. Kinyongo ambacho kingeishia kwa babaye baada ya wiki mbili, hukipeleka hadi kwenye msala. Kadari ni kweli. Kuifanya pazia la kuficha mfuko si adabu njema kwa Mola, wala si haki kwa mwana.

Basi tufanyeje? Kwanza, mwacheni ahuzunike. Nabii Yaaqub, alayhi salaam, alimlilia mwanawe hata akapofuka macho, na subira yake haikutiwa doa. Siku chache za ukimya si kukufuru neema. Na katika siku hizo msimtwange kwa mithali. Hakosekani jamaa wa kuja na "ukikosa la mama, hata la mbwa huamwa", naye adhani ameliwaza. Kumbe amekwisha kukiita chuo titi la mbwa, na kijana amesikia.

Pili, wekeni hesabu mkekani. Baba na mama wakae naye, kwa kalamu na karatasi. Upande mmoja waandike chuo cha Nairobi: karo, kodi ya chumba, chakula, nauli ya likizo. Upande wa pili waandike chuo cha hapa. Chini yake yaandikwe mapato ya nyumba, pamoja na karo ya wadogo zake. Tuseme pengo ni shilingi 150,000 kwa mwaka. Kwa miaka 4 ni shilingi 600,000. Muulizeni, zitoke wapi? Kwa dhahabu ya mamaye? Kwa kiwanja? Kwa mkopo wa riba, ambao hukumu yake twaijua? Kwa mdogo wake kutolewa shule? Kijana wa miaka 18 amekwisha kubaleghe. Ikiwa aweza kukalifishwa swala na saumu, hashindwi kuibeba hesabu hii.

Kisha baba aseme kwa kinywa chake: "Mwanangu, ulistahili. Hukupungukiwa wewe. Uwezo wangu ndio uliokomea hapa." Ni neno zito kwa mwanamume kulitamka, na wengi wetu twaona heri kunyamaza. Lakini kijana asiyeambiwa hivyo hudhani aliyeshindwa ni yeye. Nyumba isiyokuwa na baba, mama na aliseme.

Tatu, msiahidi msichokiweza. Wazazi wengi husema, "Nenda tu, mwaka ujao tutakuhamisha," ili machozi yakatike. KUCCPS hutoa muda wa kuomba kuhama chuo, na mwenye sababu na aombe. Lakini ombi si ahadi, wala mfuko haunenepi kwa mwaka mmoja. Mwana anayengoja kuhama haingii darasani: mwili wake uko Tudor, roho yake iko Nairobi.

Jambo la nne husahauliwa. Aghalabu kijana hakuitaka Nairobi kwa masomo peke yake. Alitaka kuwa mtu mzima, ashike ufunguo wake na kupanga siku yake. Hilo halihitaji shilingi 600,000. Mpeni pembe yake ya kusomea na saa zisizoguswa. Asiwe mwanafunzi wa chuo asubuhi na mtumwa wa dukani jioni. Na akiwa ni binti, neno hili ni zito zaidi, kwani kwa wengi wetu binti anayesoma akiwa nyumbani ni mpishi kwanza, kisha ndipo awe mwanafunzi. Halafu ikishindikana kusoma, twasema chuo ni kibaya.

Chuo chenyewe nacho tusikidunishe. Hiki cha Tudor kilianza katika zama za ukoloni kikiitwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, wazee wakikijua kwa jina la MIOME. Miongoni mwa waliokichangia walikuwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, mwaka 1972 Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Mwelezeni kijana habari hii, si ili aone haya, bali ajue kuwa anachokiona makombo kuna waliotoa mali zao ili yeye akikute. Aingia nyumba yenye wenyewe, naye ni mmoja wao.

Haya yakishafanywa, ndipo pahali pa kumkumbusha kadari, na hapo itamwingia. Atakuwa aijua hesabu, aijua huruma ya wazee wake, na ajua kuwa hakudanganywa. Mja aliyeambiwa kweli ndiye awezaye kuridhika. Aliyefichwa hunyamaza tu, na sisi tukadhani ameridhika.

Twamuomba Allah awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atupe sisi wazazi ulimi wa kweli na mkono wa upole. Wabillahi tawfiq.