Viungo Vilivyokakamaa na Lugha Iliyonyamaza

Mjadala kuhusu kiambishi KI- katika maneno kama kiwete, kipofu na kiziwi umezoeleka mno katika makongamano ya Kiswahili. Wapo wanaodai kuwa kiambishi hicho humshusha binadamu hadi kwenye ngeli ya vitu. Wapo wanaowajibu kuwa upatanisho ni wa A-WA: kiwete huja, hakiji. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliwatia nguvu wa kundi la kwanza, kwani Kifungu cha 54 kinampa kila mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, mjadala umemshughulikia mtu na kuisahau hali aliyo nayo.

Mfano mwafaka ni athrogriposisi. Mtoto huzaliwa viungo vya sehemu mbili au zaidi za mwili vikiwa vimekakamaa: viganja vimepinda, viwiko havikunjiki, magoti hayanyooki, nyayo zimegeukia ndani. Inakadiriwa kuwa hali hii humpata takriban mtoto 1 katika kila 3,000 wanaozaliwa hai. Vyanzo vyake vya mbali ni mamia, vikiwemo hitilafu za misuli au neva na upungufu wa maji katika mji wa mimba, lakini vyote hupitia mlango mmoja: mtoto hakucheza vya kutosha tumboni. Kiungo kisichosogezwa hukaza. Hapana laana hapo, wala jicho la hasidi, wala mwiko uliokiukwa na mama. Fauka ya hayo, katika aina inayopatikana zaidi, iitwayo amioplasia, akili ya mtoto kwa kawaida huwa timamu na hali yenyewe hairithiwi.

Sasa mhudumu wa afya amwambieje mzazi? Akikosa neno, ni rahisi aseme kuwa mtoto ni kilema, au aikimbilie istilahi jirani, mtindio wa ubongo. Kauli ya kwanza humrudisha mzazi nyumbani akiwa amekata tamaa. Ya pili yaweza kumnyima mtoto shule. Ilhali wiki na miezi ya mwanzo ndiyo yenye thamani kubwa kwa mazoezi ya kunyoosha viungo, magango, na plasta zinazobadilishwa mara kwa mara, kabla ya kufikiria upasuaji. Kenya ina hospitali ya mifupa ya watoto huko Kijabe tangu mwaka 1998. Anayeamini kwamba mwanawe ni kilema tu atapandia nini matatu ya kwenda huko?

Jina la kitaalamu limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kiungo na kupinda. Kulitohoa ni rahisi kwa msomi, lakini athrogriposisi ni mzigo mzito kinywani mwa mkunga. Ukakamavu wa viungo nao una kasoro: ukakamavu ni sifa ya askari gwaride, na viungo, kwa wengi, vinanukia pilau. Kiswahili kina neno kigosho, la mkono au mguu uliopinda, ambalo vijana wengi hawalijui. Ubora wake ni wa kisarufi: mtoto ana kigosho, yeye si kigosho. Kwa kuwa neno hilo pekee halionyeshi wingi wala asili, vigosho vya kuzaliwa navyo ingekuwa istilahi inayofaa.

Yamkini watapinga wasemao kuwa KI- imerudi kwa mlango wa nyuma, au kwamba watoto watataniana kwa neno hilo. Utani hauzuiliki kwa ukimya. UKIMWI na usonji ni maneno yaliyoundwa, na leo yanatamkwa hata na wasiowahi kuingia darasa la isimu. Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wangeyapeleka majina haya kliniki, wamsikilize mama anapofika nyumbani na kuulizwa na nyanya ya mtoto: huyu ana nini?