Nukta Inayozurura
Mlima wa Rebero, hapa Kicukiro jijini Kigali, ni mwalimu mkali kwa mwenye upinde wa kapi. Upinde huo, ambao Mmarekani Holless Wilbur Allen alipewa hataza yake mwaka 1969, huhurumia misuli: uvute kwa nguvu ya kilo 27, kapi zikishageuka, mkononi hubaki kilo tano au sita tu. Wengi hudhani basi shabaha itatulia. Wapi! Nukta ya kulengea huendelea kuzurura, na anayeikimbiza ndiye anayefyatua kwa pupa kila inapopita katikati ya shabaha. Iache izurure. Shika mpini bila kuukaba, shusha bega la mbele, endelea kuvuta kwa misuli ya mgongo mpaka mshale uondoke kama wenyewe. Mkono wa upinde usishuke kabla mshale haujagota. Mteremko nao una hila zake. Kwenye mwinamo wa nyuzi 30, shabaha iliyo umbali wa mita 50 hulengwa kana kwamba iko mita 43, maana mvutano wa dunia hufuata masafa ya mlalo. Nawe inama kiunoni, usishushe mkono peke yake. (Nadhani wazee waliocheza kumasha, mchezo wa jadi wa kulenga kwa pinde za mti, waliyajua haya bila hesabu.) Los Angeles 2028 itaupokea upinde huu kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, katika timu za mwanamume na mwanamke. Anayeota kufika huko aanzie hatua chache mbele ya gunia lililoshindiliwa, macho yamefumbwa, asilenge chochote.