MSAMAHA HAUTOLEWI BURE

Vita vya Sierra Leone vilianza mwezi wa Machi 1991 katika kijiji cha Bomaru, karibu na mpaka wa Liberia, vikaisha mwaka 2002. Katika miaka hiyo 11 watu wanaokadiriwa kuwa 50,000 waliuawa, wengine walikatwa mikono, na watoto wadogo walishikishwa bunduki wakaamrishwa kuwashambulia jamaa zao.

Vita vilipokwisha ikaundwa Mahakama Maalum. Mahakama hiyo iliwatia hatiani watu 9, akiwamo Charles Taylor aliyekuwa Rais wa Liberia, ambaye mwaka 2012 alihukumiwa kifungo cha miaka 50. Sisi hatuna neno juu ya hukumu hizo. Lakini watu 9 si vita vizima. Maelfu ya waliochoma nyumba walirudi vijijini, wakawa majirani wa wale wale waliowachomea.

Hapo ndipo wananchi wenyewe walipoishika kazi. Tangu mwaka 2008 shirika la Fambul Tok, lililoasisiwa na mtetezi wa haki za binadamu John Caulker, na ambalo jina lake maana yake ni mazungumzo ya jamaa, limewasaidia wanavijiji kukusanyika usiku na kuuzunguka moto. Aliyeumizwa husimama akasema aliyotendewa; aliyetenda hukiri na kuomba radhi mbele ya kijiji kizima. Hapana hakimu wala askari.

Wako watu wanaolidharau jambo hili, wakisema kwamba ni maneno matupu. Wako pia wanaolisifu kupita kiasi, kana kwamba moto wa usiku mmoja waweza kuteketeza machungu ya miaka 11. Wote hao wanakosea. Wataalamu waliochunguza vijiji 200 vya nchi hiyo, wakachapisha habari zao mwaka 2016, waliona mambo mawili. Mahali palipofanywa mapatano, watu walisameheana zaidi na kushirikiana zaidi katika kazi za kijiji. Lakini watu hao hao walizidiwa na huzuni, hofu na mashaka ya moyo, na hali hiyo ilionekana hata baada ya miezi 31. Kidonda kilifunguliwa, lakini hakikuuguzwa.

Msamaha ni mali ya aliyeumizwa. Huko Lomé mwaka 1999 wakubwa waliwapa wapiganaji msamaha ambao haukuwa wao kuutoa. Na Tume ya Ukweli na Mapatano ilipotoa taarifa yake mwaka 2004, ilitaka waliokatwa viungo, wajane na watoto walioumizwa wapewe fidia, pamoja na matibabu. Wengi waliopata kitu walipata fedha kidogo tu. Je, ni haki mama asiye na mikono amsamehe aliyemkata, kisha arudi nyumbani kulala na njaa?

Wanachama na wafanya kazi hawana budi kulielewa jambo hili. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Lakini si haki nyasi hizo ziachiwe peke yake kazi ya kujitibu. Wanavijiji wa Sierra Leone wametimiza sehemu yao kwa ushujaa. Serikali yao, na mataifa yaliyogharimia mahakama, bado yana deni. Deni hilo lilipwe wakati wenye kudai wangali hai.